Nilimwambia Mgeni Apoe, Akawaka

Hotuba kwa vijana wanaomaliza mafunzo ya hoteli na utalii, Unguja

Mwenyekiti, walimu wenzangu, na nyinyi vijana mnaomaliza wiki hii, assalamu alaykum na habari za asubuhi. Wakubwa mlioketi mbele hapa, shikamooni.

Mwalimu wenu aliponipigia simu alitaka nizungumze juu ya vitenzi vya Kiingereza vyenye mkia, vile vya "get up", "sit down", "put off", ambavyo nasikia vimewatoa jasho kwenye mtihani. Nikamwambia, mwalimu, hivyo ni vingi kuliko dagaa, na mimi umenipa nusu saa. Basi nimechagua kimoja. Sikukichagua kwa kuwa ni kigumu. Nimekichagua kwa sababu kiliwahi kunitia aibu mbele za watu, na aibu ni mwalimu ambaye hasahauliki.

Miaka ya tisini nilikuwa mapokezi katika hoteli moja ya ufukweni, kaskazini ya kisiwa hiki. Ilikuwa Februari, upepo umelala, hata majani ya mnazi hayatikisiki. Umeme ulikatika tangu alfajiri na jenereta letu lilikuwa bovu. Akashuka ngazi mama mmoja Mwingereza, mtu mzima, rika la mama yangu mzazi. Begi lake lilipotea njiani, ile ni siku ya tatu anavaa nguo alizosafiri nazo. Feni ya chumbani imesimama. Kwa kuwa pampu nayo yataka umeme, maji hayatoki. Alianza kunieleza kwa sauti ya chini, ikawa ya kati, ikawa ya juu. Na mimi, kijana wa miaka ishirini na tatu, Kiingereza changu cha skuli nimekipiga pasi, nikatabasamu nikamwambia: "Madam, please cool down."

"Madam" niliiweka. "Please" niliiweka. Tabasamu nililiweka. Yule mama akanyamaza kidogo, nami nikadhani dawa imeingia. Kumbe alikuwa anavuta pumzi. Aliyoyasema baada ya hapo siwezi kuyarudia mbele ya wakubwa hawa, ila meneja alitoka ofisini mbio akidhani tumevamiwa.

Usiku nilifungua kamusi. "Cool", poa. "Down", chini. Sarufi sahihi, tafsiri sahihi. Ilinichukua miaka kujua kosa lilikuwa wapi, na hayo ndiyo niliyokuja kuwaambia. Lakini kwanza tukijue kitenzi chenyewe, maana ukikijua vizuri ndipo utaona hatari yake iko upande gani.

Tuanze na chai. "The tea has cooled down", chai imepoa. "Cool the tea down", ipoze chai. Sisi tunatofautisha kwa herufi moja: kitu chenyewe kinapoa, mtu anakipoza. Mwingereza hana habari na tofauti hiyo. Neno lake ni lilelile, mtenda na mtendwa utawatambua kwa nafasi zao katika sentensi. Hali ya hewa nayo ni hivyohivyo. Mgeni akikuuliza aende saa ngapi kutembea Mji Mkongwe, mwambie "when it cools down", yaani jua likipoa. Waona? Sisi hata jua tunasema limepoa.

Sasa angalieni kitu ambacho wengi wenu mnakikosea. Chai ukiitaja kwa jina, unaweza kusema "cool the tea down" au "cool down the tea", yote mawili sawa. Ukiweka kiwakilishi, mlango mmoja unafungwa: ni "cool it down" tu. "Cool down it" hakuna. Wanafunzi hulalamika kwamba hiyo ni fujo ya Kiingereza. Fujo gani? Mbona nanyi mnafanya hayohayo kila siku? Mnasema "nitaipoza", ile "i" ya chai mmeitumbukiza tumboni mwa kitenzi. Hamsemi "nitapoza i". Mwingereza naye anapenda kiwakilishi kifupi kikae katikati, kati ya kitenzi na mkia wake. Mkikumbuka "ipoze" mtakumbuka "cool it down".

Na huo mkia, "down", unafanya kazi gani? Kwa nini asiseme "cool" akanyamaza? Wakati mwingine husema hivyo. Lakini akiongeza "down" anakuambia jambo moja zaidi: kitu hiki kilipanda, sasa kinateremka kurudi mahali pake. Kwa hiyo soda iliyokaa kabatini, haijapata kuwa ya moto, ukiitia kwenye friji hupendezi kusema "cool down". Hapo wana neno jingine, "chill".

Na kwa kuwa tumefika kwenye soda, niseme hili, ingawa si la mada. Acheni kuwauliza wageni "hot or cold?" Sisi tukisema soda ya moto tunajuana, ni ile ambayo haijaingia frijini. Mgeni akisikia "hot beer" anaona sufuria na mvuke. Mwambie "cold, or room temperature?" Basi, turudi.

Huku kupanda na kuteremka tunako na sisi. Joto limepanda, joto limeshuka. Homa imepanda, imeshuka. Presha imepanda. Na hasira zimepanda, hasira zimeshuka. Hatukuazima kwa Mwingereza wala yeye hakuazima kwetu. Mtu akighadhibika damu humpanda usoni, kila mwenye macho anaiona. Halafu kipimajoto kikaja kuthibitisha, maana zebaki ikipata joto hupanda ndani ya bomba. Ingawa hapo pana kichekesho. Yule Msweden, Anders Celsius, ambaye vipimo vyake tunavitumia mpaka leo, alipotoa kipimo chake mwaka 1742 alikiandika kinyume: maji yanachemka kwenye 0 na yanaganda kwenye 100. Alifariki 1744, na baada yake ndipo kikageuzwa kikawa hiki tunachokijua. Kingebaki vile, homa kali ingekuwa inashuka, na walimu wenzangu wangekuwa na kazi ya kueleza.

Sasa tuingie moyoni. "She was furious, but she has cooled down." Alikuwa amekasirika sana, lakini sasa amepoa. Hakuna mtu hapa aliyehitaji nimfafanulie, na hilo lenyewe ni jambo la kushangaza. Bahari ngapi ziko kati ya Uingereza na Unguja, na wote wawili tumeifanya hasira kuwa joto na utulivu kuwa ubaridi?

Waingereza wenyewe wamelifukia jambo hilo ndani ya maneno yao hata hawalioni tena. Neno lao la hasira za mtu, "temper", na neno lao la kiasi cha joto, "temperature", ni watoto wa mama mmoja, kitenzi cha Kilatini "temperare", kuchanganya vitu kwa kipimo chake. Tabibu wa zamani wa Ugiriki na Roma aliamini mwilini mna majimaji manne, mengine ya moto, mengine ya baridi, na tabia ya mtu ni mchanganyiko wake. Nyongo ya manjano ikizidi, mtu anakuwa mkali. Ndiyo maana Mwingereza akikasirika husema amepoteza "temper" yake: kile kipimo kimevurugika. Elimu ileile ilipita kwa Waarabu ikafika pwani yetu, na bibi zetu wakatupa vyakula vya baridi na vyakula vya moto bila kutaja jina la tabibu yeyote. Kutoka Kiarabu tulichukua "harara", ambayo ni joto, na ni vile vipele vya joto, na ni hamaki ya mtu. Mtu wa harara, basi mkae mbali naye. Na kutoka mzizi uleule uliotupa "baridi" tukapata kuburudika, kuburudisha na burudani. Ukienda taarabu usiku, kwa asili ya neno, umekwenda kupozwa.

Lakini neno ninalolipenda kuliko yote si la Kiarabu. Ni "poa" yenyewe. Hii ni ya Kibantu, ya zamani sana, na haikuwa na maana ya ubaridi peke yake. Mzulu husema "phola", kitu kinapoa na kidonda kinapona. Mshona husema "pora", vivyo hivyo. Na sisi tukiwa na "poa", tuna ndugu zake wametuzunguka: mpole, upole, polepole, na "pole". Ile pole tunayompa mfiwa, mgonjwa, aliyejikwaa, aliyetoka kazini, ina ubaridi ndani yake. Ukimpa mtu pole unampepea.

Lishikeni hilo, tutalirudia.

Wanaisimu wawili, George Lakoff na Zoltán Kövecses, waliichunguza hasira katika Kiingereza wakaona kwamba mazungumzo mengi yanaichukulia kama kitu cha majimaji kinachochemka ndani ya chombo. Mtu ni sufuria. Ndiyo maana wana "boil over", sufuria ikafurika. Wana "simmer down", yale maji yanayotokota kwa moto mdogo. Ni kumwambia mtu apunguze moto. Wana "let off steam", kutoa mvuke, kama bwana aliyefokewa kazini akaenda kupiga mpira mpaka akachoka. Na sisi je? Damu imemchemka. Amefura. Na kufoka! Sufuria inafoka inapochemka ikamwaga, na bosi anafoka. Kitenzi ni kimoja. Ukimfokea mtu umemmwagia maji ya moto, ingawa wazee wanatupa moyo kwamba maji ya moto hayachomi nyumba.

Ila msidhani tunakwenda sambamba kila mahali. Kuna mkia mwingine, "off". "Cool off" hukaribiana na "cool down" kwenye hasira, na pia ni kwenda kujitosa baharini kupunguza joto. Lakini hupenda sana kwenda kwenye mapenzi na hamu: "their romance has cooled off", penzi lao limepoa. Hapo kupoa si jambo zuri tena. Na sisi tunayo sura hiyo mbaya: biashara imepoa, harusi imepoa. Vijana mkiulizwa "mambo?" mnajibu "poa", nzuri, lakini harusi iliyopoa watu wanaondoka kabla ya biriani. Na wafanyabiashara wa kwao wana siku za "cooling-off". Uingereza ukinunua kitu kwa intaneti una siku 14 za kughairi, na Marekani mchuuzi akikuuzia kitu nyumbani kwako kwa kukubembeleza una siku tatu za kazi. Sheria inatambua kwamba mtu hununua akiwa wa moto na hujuta akipoa.

Wapenzi wa mpira mnakumbuka Fortaleza, Brazili, tarehe 29 Juni 2014? Uholanzi na Meksiko, Kombe la Dunia, joto kali, mwamuzi akasimamisha mchezo wachezaji wanywe maji. Kiingereza huita "cooling break". Meksiko ilikuwa mbele 1-0. Louis van Gaal, kocha wa Uholanzi, akayatumia mapumziko yale kuipanga timu upya. Dakika ya 88 Sneijder akasawazisha, na kwenye dakika za nyongeza Huntelaar akafunga penalti. Miili ilipozwa, mchezo ukawaka. Meksiko hawayapendi mapumziko yale mpaka leo, nadhani.

Haya. Sasa kosa langu.

Katika mifano yote niliyowapa, "cool down" inaeleza. Amepoa. Ngoja apoe. Nahitaji muda nipoe. "I needed ten minutes to cool down." "Let's wait until he cools down." Hapo liko salama kabisa, litumieni mpendavyo. Mambo hubadilika linapokuwa amri, na linaloamriwa ni moyo wa mtu. Ukimwambia Mwingereza mwenye hasira "cool down", au nduguye "calm down", yeye hasikii kwamba unamtakia utulivu. Anasikia: tatizo si begi lako, tatizo ni wewe. Shida yako nimeiweka kando, ninaijadili tabia yako. Na ile "please" haisaidii. Kwa sauti fulani inazidisha, kama mtu anayemwambia mtoto.

Wako wanaoweza kulisema. Mwamuzi kwa wachezaji wanaosukumana. Mzazi kwa watoto. Rafiki kwa rafiki, na kicheko ndani yake. Wote hao ama wako juu yake ama wako sawa naye. Mhudumu kwa mgeni, kijana kwa mtu mzima, hapana.

Wengine husema, ahaa, hiyo ndiyo tofauti ya utamaduni, Wazungu ni wepesi kuudhika. Nami nililisema hilo muda mrefu, lilinifariji. Mpaka siku moja nilijiuliza: yule mama angekuwa mama mkwe wangu, amefika kutoka Pemba amechoka, mzigo wake umepotea, maji hakuna. Ningemwambia nini? "Mama, poa"? Naona mnacheka. Ningemwambia "tulia mama" huku nimesimama nyuma ya meza? Nisingethubutu! Ningesema, "Pole sana mama. Karibu ukae." Ningemletea maji ya mtungini. Ningempokea kile alichonacho mkononi.

Basi utamaduni wa Kiingereza haukunikosesha. Mimi ndiye niliyeuacha wangu mlangoni nilipobadilisha lugha. Nilidhani Kiingereza kikianza, adabu zinabaki nyumbani, na kazi iliyobaki ni kupanga maneno. Nilitafsiri neno ambalo kwa Kiswahili nisingelitamka.

Nimetaja mtungi. Mnasema "tulia kama maji ya mtungini", lakini mmewahi kuangalia mtungi unavyopoza? Udongo una vitundu vidogo mno, maji yanapenya mpaka nje, yanakauka kwa hewa, na yakikauka yanaondoka na joto. Ndiyo maana mtungi mzuri hutoka jasho. Unapoza kwa kujilowesha wenyewe. Na wazee wakasema uji ukiwa wa moto haupoi kwa ncha ya ulimi. Mimi nilijaribu kuupoza kwa ncha ya ulimi, tena ulimi wa kuazima.

Mkiniuliza mseme nini, semeni maneno mepesi. "I'm so sorry this has happened. Please have a seat. Let me bring you some water." Kisha maji yaje kweli. Jihadharini na kitu kimoja tu: "sorry" si "pole". Mgeni akijikwaa ukasema "sorry", atakujibu "it wasn't your fault", kwa sababu kwake umeomba radhi kwa kosa usilolifanya. Neno la pole Kiingereza hakina. Kina vipande vyake tu.

Sijamaliza kisa cha yule mama.

Meneja aliposhindwa, alitoka jikoni bibi mmoja aliyekuwa akipika mikate, tukimwita Bibi tu. Kiingereza chake kilikuwa "good morning" na "finish". Alikuwa na kipepeo cha ukili mkononi na dafu lililokatwa kichwa. Akamshika yule mgeni kiwiko, akamkalisha barazani kwenye kivuli, akampa lile dafu, akaanza kumpepea. Na kila mgeni akisema neno, Bibi anajibu, "Pole mwanangu. Pole. Pole sana." Hata robo saa haikufika, yule mama alikuwa akilia kidogo na kucheka kidogo. Alipoa.

Nilipoanza kusomesha nilikitumia kisa hiki miaka mingi kuwathibitishia wanafunzi nguvu ya neno "pole", na asili yake ya Kibantu, na yote niliyowaeleza leo. Lakini kuna kipande nilikuwa nikikikata. Siku ya kuondoka, begi limeshapatikana, yule mama alikuja mapokezi kulipa. Nikamuomba radhi tena, halafu kwa majivuno yangu ya lugha nikamuuliza kama alielewa maana ya neno alilokuwa akiambiwa na Bibi.

"Of course," akasema. Wiki moja kabla alikuwa amepanda Kilimanjaro, na waongozaji walimwambia "pole pole" kutoka lango la kwanza hadi kileleni. Maana yake, akanieleza, ni punguza mwendo.

Kwa hiyo muda wote ule barazani, yeye alidhani Bibi anamwambia apunguze kasi. Yaani, karibu na kile nilichomwambia mimi.